Amepoa au Amezidiwa? Istilahi za Kufuatilia Ufikaji wa Damu kwa Wagonjwa Mahututi, kwa Mfano wa Ilomba, Mbeya

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili umezoea kuanzia darasani. Huulizwa kama lugha hii inaweza kufundishia fizikia, sheria au falsafa, na hoja hujengwa kwa orodha za maneno. Ni mara chache swali hilo huulizwa kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye damu yake imeacha kufika vidoleni. Makala haya yanadai kwamba hapo ndipo penye mtihani mgumu zaidi. Kosa la istilahi darasani humpunguzia mwanafunzi alama. Kosa hilo hilo wodini laweza kumpotezea mtu uhai.

Dai lenyewe ni hili. Baadhi ya maneno ya kila siku yanayotumika kueleza hali ya mgonjwa ambaye mzunguko wake wa damu umeshindwa, hususan "kupoa", "kutulia" na "mshtuko", yanaweza kutoa habari iliyo kinyume kabisa na ukweli wa mwili. Dawa ya tatizo hilo si kukopa maneno mengi kutoka Kiingereza, wala si kutafsiri istilahi za kigeni neno kwa neno. Dawa ni kuunda seti ndogo ya istilahi zinazotaja kile kinachoonekana, kinachoguswa na kinachohesabika mwishoni mwa safari ya damu.

Mfano unaotumika ni wa Ilomba, kata ya Jiji la Mbeya iliyo karibu na barabara kuu iendayo Zambia. Ilomba inafaa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo wasemaji wa Kisafwa, Kinyakyusa, Kindali, Kinyiha, Kikinga na Kibena hukutana, na lugha inayowaunganisha sokoni, kwenye daladala na hospitalini ni Kiswahili. Pili, ni mahali penye baridi, na baridi, kama itakavyoonyeshwa, ina uzito wake katika suala hili.

2.0 Damu Kuzunguka na Damu Kufika

Kazi ya damu ni kupeleka oksijeni na chakula kwenye tishu, na kuondoa taka. Mzunguko wa damu unaposhindwa, seli hazipati oksijeni inayotosheleza mahitaji yake. Vyanzo vya hali hiyo hugawanywa katika makundi manne: kimiminika kupungua mishipani, kama inavyotokea mtu anapovuja damu nyingi au kuharisha sana, moyo kukosa nguvu ya kusukuma, njia ya damu kuzibwa au moyo kubanwa, na mishipa kulegea, kama inavyotokea maambukizi yanapoenea mwilini.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni shinikizo la damu, ambalo wananchi huliita presha. Shinikizo la juu likishuka chini ya milimita 90 za zebaki, huchukuliwa kuwa ni dalili ya hatari. Hata hivyo, presha haisemi yote. Mwili unapoanza kupungukiwa, hubana mishipa midogo ya ngozi, ya figo na ya matumbo ili ubongo na moyo vipate mgawo wao. Kwa hiyo presha inaweza kusomeka vizuri wakati tishu nyingi tayari zina njaa. Anayeitazama presha peke yake huchelewa kulitambua janga.

Wakulima wa Bonde la Usangu, huko Mbarali, wangelielewa jambo hili bila kuhitaji somo la fiziolojia. Maji yakionekana yamejaa kwenye banio, hiyo si hoja kwamba yamefika kwenye jaruba la mwisho. Anayetaka kujua kama mpunga wa mwisho umepata maji hana budi kwenda kwenye jaruba hilo na kutazama udongo. Presha ni maji ya kwenye banio. Kufika kwa damu kwenye tishu ni unyevu wa jaruba la mwisho.

Daktari anautazamaje unyevu huo? Jean-Louis Vincent na Daniel De Backer, katika mapitio yao yaliyochapishwa mwaka 2013, walieleza kwamba mwili una madirisha matatu ambayo kwayo hali ya tishu huweza kuchunguliwa: ngozi, figo na ubongo. Ngozi huwa baridi na yenye unyevunyevu. Figo hupunguza mkojo, hata ukawa chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa kwa saa. Ubongo hudhihirisha shida yake kwa mgonjwa kuchanganyikiwa, kutokujua mahali alipo au kusinzia kupita kiasi. Pamoja na madirisha hayo kipo kipimo cha lakteti katika damu, ambayo huongezeka seli zinapokosa oksijeni. Kipimo hicho huhitaji kifaa na vitendanishi. Madirisha matatu, kwa upande wake, huhitaji macho, mikono, saa na, jambo ambalo husahaulika, maneno.

3.0 Maneno Matatu Yanayopotosha

3.1 Kupoa

Kitenzi "kupoa" kina maana zaidi ya moja. Chai hupoa, yaani hupoteza joto. Mgonjwa naye hupoa, yaani hupata nafuu. Na ndugu wa karibu wa kitenzi hicho ni neno "pole" na kitenzi "kupoza". Katika fikra za msemaji wa Kiswahili, kupoa ni jambo jema: homa ni moto, na moto ukipoa mtu amepona.

Ichukuliwe kwamba mkazi wa Ilomba amelazwa kwa homa kali iliyotokana na maambukizi. Usiku mkewe anamshika mikono, anaikuta si ya moto tena, anashukuru. Muuguzi anapopita na kumwuliza hali, anajibu: "Amepoa, mwanangu. Tangu saa nane amepoa kabisa." Muuguzi anayekimbizana na vitanda vingi anaweza kulipokea jibu hilo kama habari ya nafuu. Kumbe mikono imepoa kwa sababu damu haifiki tena huko, wakati kifua na tumbo bado vinawaka. Mke amesema kweli, mikono imepoa. Lugha ndiyo iliyoiingiza habari hiyo katika fungu la heri badala ya fungu la hatari.

3.2 Kutulia

Neno la pili ni "kutulia". Mgonjwa aliyekuwa akihangaika, akivua shuka na kunena maneno yasiyoeleweka, hatimaye ananyamaza. Husemwa kuwa ametulia, au hasumbui tena. Katika malezi ya Kiswahili utulivu ni sifa: mtoto aliyetulia, mtu mzima aliyetulia. Lakini katika dirisha la ubongo, kunyamaza baada ya kuhangaika kunaweza kuwa ni hatua ya mwisho kabla ya kupoteza fahamu. Tofauti kati ya aliyelala usingizi na aliyezama haimo katika ukimya wake, bali katika jibu lake anapoitwa. Neno "ametulia" halibebi tofauti hiyo, huifunika.

3.3 Mshtuko

Neno la tatu halikutoka kwa wananchi, bali kwa watafsiri. Hali ya mzunguko wa damu kushindwa huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo pia lina maana ya kushtuka. Watafsiri walichagua maana ya kushtuka, na ndipo ilipopatikana istilahi "mshtuko". Matokeo yake husikika katika mazungumzo ya namna hii, ambayo si ya kubuniwa na akili ya mbali, kwani mtu yeyote aliyekaa barazani mwa wodi anaweza kuyakisia:

"Mama, mgonjwa wetu amepata mshtuko."
"Ameshtushwa na nini, mwanangu? Mbona hakuna aliyempa habari mbaya?"

Swali la mama ni sahihi kisarufi na kimantiki. Mshtuko ni lazima uwe na kishtushi. Atafikiria msiba, ugomvi wa nyumbani, umeme au uchawi. Akiwa amesikia redioni kuhusu mshtuko wa moyo, atadhani moyo ndio ulioshikwa. Hakuna hata moja kati ya maana hizo inayomfikisha kwenye jambo analopaswa kulijua: kwamba damu haiwafikii viungo vya mumewe, na kwamba kila saa inayopita inahesabika.

Maneno haya matatu yana kosa moja la msingi. Kila moja linaeleza hali ya mtu mzima, yaani nafsi yake, utulivu wake na hisia zake, ilhali kinachotakiwa kuelezwa ni hali ya sehemu za mwili wake na kile zinachopata au kukosa.

4.0 Kidole, Sekunde na Mauti

Huenda pakadaiwa kwamba maelezo ya kugusa na kuhesabu ni ya enzi zilizopita, na kwamba mashine zimeyaondolea thamani. Tafiti za karne hii zimeonyesha kinyume.

Kipimo kinachohusika ni rahisi. Ncha ya kidole hubonyezwa hadi damu iondoke, kisha huachiwa, na sekunde huhesabiwa mpaka rangi ya awali irudi. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioitwa ANDROMEDA-SHOCK, uliofanywa katika hospitali 28 za nchi 5 za Amerika ya Kusini, kwa wagonjwa 424 ambao mzunguko wao wa damu ulikuwa umeshindwa kwa sababu ya maambukizi. Kundi moja lilitibiwa kwa kufuata lakteti. Kundi la pili lilitibiwa kwa kufuata kidole. Kidole kilibonyezwa kwa kipande cha kioo kwa sekunde 10, rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3 ilihesabiwa kuwa dalili mbaya, na kipimo kilirudiwa kila nusu saa. Baada ya siku 28, waliokufa katika kundi la kidole walikuwa asilimia 34.9, na katika kundi la lakteti asilimia 43.4. Kwa kanuni za takwimu tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kuitwa hakika. Hata hivyo ilitosha kuonyesha kwamba kidole na saa havikustahili kudharauliwa mbele ya maabara. Utafiti wa pili wa mfululizo huo, uliochapishwa mwaka 2025, umezidi kuitia nguvu njia ya kuongoza matibabu kwa kidole.

Afrika Mashariki nayo ina somo lake, na ni chungu zaidi. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland na kuchapishwa mwaka 2011, uliwahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Tanzania na Uganda waliokuwa na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri kwenye tishu. Baadhi yao walipewa dripu ya haraka ya albumini au ya maji ya chumvi. Wengine hawakupewa dripu hiyo ya haraka. Kinyume na matarajio ya wengi, katika saa 48 walikufa asilimia 10.6 na 10.5 ya waliopewa, na asilimia 7.3 tu ya wasiopewa. Mwaka 2017, matokeo ya utafiti wa watu wazima 212 uliofanywa Lusaka, Zambia, yalielekea upande huo huo: katika kundi lililopewa maji mengi mapema kwa utaratibu maalumu walikufa hospitalini asilimia 48.1, na katika kundi la matibabu ya kawaida asilimia 33.0.

Matokeo haya hayana maana kwamba dripu ni sumu. Utafiti wa FEAST haukuwahusisha watoto wenye kuharisha, na aliyepungukiwa na maji kwa kuharisha huokolewa na maji, kama vile aliyevuja damu anavyookolewa na damu. Maana yake ni kwamba kujaza kwenye banio si sawa na kufikisha kwenye jaruba. Na wakati mwingine anayefungulia maji mengi kwa pupa huvunja kingo za majaruba.

Hapa pia lugha ina sehemu yake. Katika Kiswahili cha mitaani mgonjwa "hutundikiwa dripu", au "huongezewa maji", na maneno yote mawili hubeba picha ya fadhila: ameongezewa, amepewa nguvu. Ndugu wa mgonjwa ambaye hakutundikiwa chochote huona kuwa mgonjwa wao ametelekezwa. Mhudumu anayesita kutundika dripu ya pili, kwa sababu za kitabibu zilizo sahihi, hana neno jepesi la kuwaeleza kwamba swali si maji mangapi yameingia, bali damu imefika wapi. Neno hilo likikosekana, dripu hutundikwa ili kuwaridhisha watu.

5.0 Ngozi Nyeusi na Baridi ya Nyanda za Juu

Tafsiri ya istilahi huja pamoja na mwili uliotumika kuziunda. Vitabu vingi vya tiba viliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Ndiyo maana husemwa humo kwamba mgonjwa "huwa mweupe", au kwamba magoti yake huonyesha mabaka ya rangi ya zambarau. Katika ngozi nyeusi mabaka hayo ni magumu kuyaona, na mgonjwa wa Ilomba hawi mweupe. Kumwambia muuguzi mwanafunzi atafute weupe ni kumtuma akatafute kisichokuwapo, na asipokiona atahitimisha kwamba hatari haipo.

Kiswahili kina akiba bora kuliko tafsiri hizo. "Kusawijika" hutaja uso uliopoteza nuru yake, pasipo kudai kwamba umekuwa mweupe. "Kupauka" hutaja ngozi iliyopoteza mng'ao. Maneno hayo yangefaa kwa uangalizi wa jumla, mradi yafungamanishwe na sehemu ambazo rangi ya damu huonekana kwa watu wote: chini ya ukucha, kiganjani, ulimini, na upande wa ndani wa ukope wa chini. Hata mashine haziko salama na kasoro hii. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe.

Kisha kuna baridi. Mwezi Juni na Julai usiku wa Mbeya huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za selsiasi. Mtu mzima mwenye afya, akitoka nje alfajiri, huwa na mikono baridi, na rangi ya kidole chake huchelewa kurudi. Kwa hiyo maneno "mikono baridi", yanayotosha Dar es Salaam, hayatoshi Ilomba. Kinachohitajika ni istilahi ya kulinganisha: si kama mkono ni baridi, bali baridi inaanzia wapi. Mpimaji aliyeupasha mkono wake joto huupitisha mgongo wa mkono huo kutoka kwenye nyayo kuelekea gotini na pajani, akitafuta mahali ambapo baridi huishia na joto huanzia. Mpaka huo ukipanda, hali inazidi kuwa mbaya. Ukishuka, damu inarudi. Makala haya yanapendekeza uitwe "mpaka wa baridi". Neno "mpaka" halihitaji kufafanuliwa kwa mkazi wa mkoa unaopakana na Malawi, na lina sifa moja ambayo "kupoa" haina: mpaka huhama, na kuhama kwake huweza kuandikwa.

6.0 Istilahi Zinazopendekezwa

Katika "Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili", kilichotolewa na TUKI mwaka 1992, Zubeida Tumbo-Masabo na Hermas Mwansoko waliziweka pamoja njia za uundaji wa istilahi kwa ajili ya wanaotaka kuifanya kazi hiyo kwa utaratibu. Kwa nyanja hii ya wagonjwa mahututi inafaa kuongezwa kigezo kimoja: istilahi ipimwe kwa kosa ambalo msikilizaji aliyechoka anaweza kulifanya anapoisikia. Kwa kigezo hicho, mapendekezo yafuatayo yanatolewa.

(a) Ufikaji wa damu. Dhana ya damu kuipitia tishu na kuilisha inaweza kupewa majina kadhaa. "Upenyezaji" haufai, kwa kuwa unaashiria kimiminika kupita kwenye kuta za mishipa na kujaa nje yake, jambo ambalo ni uvimbe, tena ni madhara ya matibabu yenyewe. "Unyweshaji" una picha nzuri ya mfereji na shamba, lakini una hatari ya wazi: ndugu anayesikia kwamba mgonjwa anahitaji "kunyweshwa" anaweza kummiminia maji mdomoni mtu asiye na fahamu. "Perfyusheni" haina kosa, wala haina faida, kwa kuwa haimwambii kitu asiyeijua tayari. "Ufikaji wa damu" hutaja mwisho wa safari, na hata asiyesoma huweza kuuliza swali lililo sahihi: imefika wapi?

(b) Kushindwa kwa mzunguko wa damu. Hii ichukue mahali pa "mshtuko" katika maandishi na katika mazungumzo na ndugu. Ni ndefu, lakini ni ya kweli. Katika mazungumzo ya haraka inaweza kufupishwa kuwa "mzunguko umeshindwa".

(c) Muda wa damu kurudi. Hii ni sekunde zinazopita tangu kidole kinapoachiwa hadi rangi irudi. Tafsiri kama "muda wa kujaa tena kwa kapilari" ni sahihi kwa anayetumia hadubini. Anayetumia kidole haoni kapilari, huona damu ikirudi. Istilahi hii ina faida ya kubeba maelekezo yake yenyewe: bonyeza, achia, hesabu.

(d) Mpaka wa baridi, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 5.0.

(e) Anaitika, haitiki. Badala ya "ametulia", muuguzi aandike na kusema kama mgonjwa anaitika anapoitwa jina, anaitika akiguswa tu, au haitiki. Kitenzi "kuitika" kimekuwapo katika lugha tangu zamani. Kinachotakiwa ni kukipa nafasi rasmi.

Inafaa kusisitizwa kwamba istilahi hizi zina maana pale tu zinapofungamanishwa na hatua. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya huduma ya dharura kwa watoto, liliziunganisha dalili tatu, yaani mikono baridi, muda wa damu kurudi unaozidi sekunde 3, na mapigo dhaifu yaendayo kasi, kwa hatua inayofuata mara moja. Utafiti uliofanywa katika chumba cha wagonjwa mahututi cha Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba dalili za hatari zikipewa mipaka iliyo wazi, na kila mpaka ukipewa hatua yake, wagonjwa wengi zaidi hupata matibabu ya haraka. Neno lililo wazi huisogeza hatua karibu. Neno lenye giza huiahirisha hadi asubuhi.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba majalada ya wagonjwa huandikwa kwa Kiingereza, hivyo istilahi za Kiswahili hazina kazi. Pingamizi hili linasahau jinsi habari inavyosafiri. Jalada huandikwa kwa Kiingereza, lakini ndugu humweleza muuguzi kwa Kiswahili, na wauguzi wanapokabidhiana zamu huzungumza kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza. Kinachoandikwa kwa Kiingereza ni tafsiri ya kilichosikika kwa Kiswahili. Kama kilichosikika ni "amepoa", hakuna Kiingereza kitakachokiokoa.

Pingamizi la pili ni kwamba tatizo la hospitali ni uchache wa watumishi, oksijeni na dawa, wala si maneno. Pingamizi hili lina haki yake, na haifai kulijibu kwa majivuno ya kitaaluma. Istilahi haimpati mgonjwa kitanda. Lakini hoja hiyo hiyo ndiyo inayoongeza thamani ya maneno. Muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa wengi, macho yake hayawezi kuwa kila mahali, na ndugu aliyekaa kando ya kitanda usiku kucha ndiye mlinzi wa kwanza. Mlinzi huyo hana mashine. Ana mkono wake na lugha yake. Akifundishwa kusema "baridi imepanda hadi gotini" badala ya "amepoa", na "ninamwita haitiki" badala ya "ametulia", hospitali imejipatia jozi nyingine ya macho bila gharama. Mwaka 2021 jopo la kimataifa la wataalamu, katika kubainisha huduma za msingi ambazo kila hospitali inapaswa kumpa mgonjwa mahututi, lilitaja taratibu 40, na nyingi kati ya hizo ni za gharama ndogo. Ni vigumu kuifikiria hata moja inayotekelezeka bila watu kuelewana.

Pingamizi la tatu ni la wanaisimu wenyewe: kwamba lugha haiamrishwi, na kwamba "mshtuko" umekwisha kuzoeleka. Ni kweli kwamba BAKITA, tangu kuundwa kwake mwaka 1967, limesanifu maneno ambayo wananchi waliyakubali na mengine waliyoyaacha. Lakini istilahi za wodini hazisubiri kupendwa na umma wote. Zinahitaji kukubaliwa na kundi dogo linalokutana kila siku na kufundishwa pamoja. Lugha za taaluma zimekua kwa njia hiyo hiyo: mafundi wa magari hawakusubiri kamusi ili wakubaliane jina la kila kipuri.

8.0 Hitimisho

Kwa muda mrefu kazi ya istilahi za tiba imekuwa ya watu wa kamusi. Kazi kama "Kamusi ya Tiba" ya TUKI zimethibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuyataja magonjwa na viungo. Hatua inayofuata ni tofauti. Kutaja kiungo ni jambo moja. Kueleza jinsi hali ya mgonjwa inavyobadilika kati ya saa nane za usiku na saa kumi ni jambo jingine, na jambo hilo haliwezi kukamilishwa mezani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili katika kampasi yake kuu, na kina ndaki ya sayansi za afya jijini Mbeya. Kati ya taasisi hizo mbili kuna safari ya siku nzima kwa basi, lakini mwajiri wao ni mmoja. Hakuna kizuizi cha kitaaluma cha kumzuia mwanafunzi wa uzamili wa isimu kukaa wodini kwa miezi kadhaa, kwa idhini na kwa maadili yanayostahili, akisikiliza jinsi ndugu wanavyoeleza na jinsi wauguzi wanavyopokea, kisha kuzipima istilahi kama hizi zilizopendekezwa, na kuzitupa zitakazoshindwa. Tasnifu ya namna hiyo ingekuwa na faida nje ya maktaba.

Mpaka hilo litakapofanyika, mama wa Ilomba ataendelea kukaa kando ya kitanda usiku wa Julai, ameushika mkono wa mumewe. Ameujua mkono huo kwa miaka mingi kuliko daktari yeyote. Anahisi kwamba umebadilika, na ana haki ya kupewa neno litakalomfanya muuguzi ageuke na kuja mbio.